Mjerumani alijimiminia divai kwanza, nikajua posa imekufa

Wakuu, habari za weekend. Haya yametokea sebuleni kwangu hapa Liverpool, kitongoji cha Sydney, Australia, na sijaongeza chumvi hata punje.

Mdogo wangu Neema kampata Jonas, Mjerumani, nesi mwenzake. Kijana mstaarabu sana.

Tatizo Baba. Amekuja kututembelea kutoka Marangu, na kila jina la Jonas likitajwa anaulizia hali ya hewa.

Neema alikuwa anakonda jamani. Aliniambia, "Kaka, Baba akikataa, siolewi." Namjua, hatanii.

Basi baba yake Jonas akatua kutoka Ujerumani kuja kujitambulisha. Kabeba chupa za Riesling, divai nyeupe ya shamba lao wenyewe la mizabibu, ukoo umelima pale tangu enzi za mababu.

Tukakaa. Nyama ipo, ndizi zipo. Baba yake Jonas akafungua chupa, na kabla ya kumpa yeyote, akajimiminia mwenyewe! Kidogo tu. Akanusa, akanywa, akatulia.

Shangazi yetu, aliyekaa pembeni yangu, akaninong'oneza, "Huyu mgeni mroho."

Nikajua imekwisha. Unamrukaje Baba mbele ya watoto wake?

Nikamwangalia Baba. Amekaa wima, macho kwa yule mzee.

"Kumbe na kwao wanaonja kwanza," akasema.

Kwa msio Wachaga: kwetu mwenye pombe hakupi kata ya mbege, ile pombe yetu ya ndizi, kabla hajaonja mwenyewe, ujue hakuna baya ndani. Nikamtafsiria mgeni, akacheka. Akasema yeye huonja asije akampa mtu chupa iliyoharibika, na aliyemfundisha ni babu yake.

Ikaja zamu yetu. Wakuu, ile kitu ni kavu! Sukari hakuna, ukali wa limau kwanza, halafu kwa mbali unasikia tofaa bichi. Mimi divai niliyozoea ni ile tamu ya Chakula cha Bwana. Nikanyanyuka kufuata Sprite kwenye friji.

"Kaa chini!" Baba akanifokea. "Unamwekea mtu soda kwenye pombe ya baba zake?"

Na yeye uso umemkunjamana, lakini kameza. Akanywa tena. Akaanza kuuliza habari za udongo, mvua, mbolea, mimi natafsiri mpaka koo linakauka. Wazee wawili wa shamba, wamesahau kama tupo.

Kisha Baba akamnyooshea Neema glasi yake, ikiwa bado na divai.

"Mpelekee mwenzio."

Neema akajua Baba amekubali, akaanza kulia kabla hajamfikia Jonas. Jonas akapokea kwa mikono miwili, sijui nani alimfundisha. Hata mimi machozi yalinitoka, sioni aibu kusema.

Nilichojifunza: mgeni akifanya usichokielewa, muulize kabla hujanuna. Mimi na Shangazi tulishamhukumu mzee wa watu, na niliyemwogopa ndiye aliyemwelewa.

Karibuni wakuu. Mzazi wako alipokuwa mgumu, nini kilimlegeza?