Mifupa Iliyoonekana Mizuri kwa Picha

Siku yangu ya kwanza katika chumba cha plasta cha hospitali, Nakuru, niliharibu bandeji tatu kabla ya chai ya saa nne. Nilikuwa nimetoka tu kidato cha nne. Mkuu wa chumba alinipa ndoo ya maji vuguvugu, akanionyesha jinsi bandeji yenye unga wa jasi inavyoloweshwa, inavyokamuliwa kidogo, kisha inavyozungushwa mkononi kabla haijaganda. "Usikimbie," akaniambia, "na usilale. Hii kitu haingoji mtu."

Yeye ndiye aliyenifundisha pia kujaza daftari. Tuliandika jina, umri, mfupa uliovunjika na chanzo. Kwenye chanzo tuliandika neno moja tu: ajali, kupigwa au kuanguka. Foleni ilikuwa ndefu, na neno moja lilitosha. Nilipohamishwa Naivasha, nikawa mkuu wa chumba mimi mwenyewe, niliwafunza wengine vivyo hivyo.

Huko ndiko alikoniletea kifundo cha mkono kilichovunjika Mama Chebet, mfungaji maua katika shamba la maua, mkaazi wa mtaa wa Kihoto, karibu na ziwa. Alikuwa mcheshi, mwenye mwili wa kutosha, na alikuwa ameishi na ugonjwa wa sukari miaka mingi.

"Umeangukaje, mathe?"

"Kuanguka ni kusema sana, daktari. Nilishuka tu ngazi moja ya mlango. Maji ya ziwa yalikuwa yameingia kwa ploti, sikuona chini. Na hata ningeona, hii miguu siku hizi haijui kama imekanyaga jiwe ama godoro."

"Na mwili wote huu? Mifupa yako ni ya simiti."

"Basi simiti ya siku hizi ni feki."

Tukacheka. Nikiwa namfunga, alinisimulia kwamba asubuhi, baada ya sindano yake ya insulini, wakati mwingine hutetemeka na kuona giza. Nilitikisa kichwa tu. Niliitazama picha ya eksirei: mfupa mweupe, mnene, wa kupendeza, isipokuwa pale ulipokatika. Mimi nilijua mifupa dhaifu ni ya vikongwe wembamba. Nikaandika: kuanguka. Nikamwambia arudi plasta itolewe.

Miezi michache baadaye alirudi kwa machela. Alikuwa ameinuka kwenye kiti, miguu ikakosa nguvu, akaanguka, na nyonga ikavunjika. Afisa tabibu wetu, dada mmoja mpole, alifungua daftari langu.

"Mzee, hapa umeandika kuanguka. Alianguka kutoka wapi?"

"Ngazi moja."

"Ulijua ana sukari?"

"Nilijua."

"Na miguu kufa ganzi, alikuambia?"

"Aliniambia."

"Wewe ukamwambia nani?"

Nikasema tu kwamba picha ilikuwa nzuri.

"Picha inaonyesha palipovunjika," akasema. "Hata kile kipimo cha uzito wa mfupa kinaweza kutoka sawa kwa mtu wa sukari ya ukubwani, na mfupa bado uwe dhaifu. Sukari ikikaa juu miaka mingi inauharibu kwa ndani." Akaendelea: ganzi ya miguu, macho kufifia, sukari kushuka ghafla baada ya sindano, figo kuchoka, baadhi ya dawa, kukaa bila kutembea, vyote vinamsukuma mtu wa namna hiyo kwenye kuvunjika. "Kile kifundo kilikuwa onyo, mzee. Kiliishia kwako."

Nilichanganyikiwa. Niliwezaje kushika mifupa miaka yote hiyo na nisijue kitu kama hicho? Na kama mfupa mnene unaweza kuwa mbovu, nilikuwa nimewacheka na kuwarudisha nyumbani wangapi? Daftari haliniambii. Limejaa neno moja.

Nilistaafu nikarudi nyumbani Free Area, kule Nakuru, lakini jambo hilo halikuniacha. Mwezi uliopita nilikwenda Kihoto. Mama Chebet sasa anatembea kwa fremu ya chuma, kutoka kitandani hadi mlangoni.

"Nimekuja kuomba msamaha," nikasema.

"Kwa nini? Ile plasta ilikuwa nzuri."

"Uliniambia mambo ya miguu na kutetemeka. Ilinipasa kuyafikisha kwa daktari. Sikuyafikisha."

Akamwita binti yake. "Chebet, keti hapa. Huyu mzee ana kitu alinyamaza nacho. Wewe pia uko na sukari. Mzee, mwambie."

Nikamweleza kama nilivyoelezwa. Nikamwambia kila akijikwaa, hata kidogo, aseme kliniki, na asikubali kuambiwa ni kuanguka tu.

"Lakini mzee," Chebet akasema, "si mimi niko na mwili? Nimeskia hiyo ni shida ya watu wakonde."

Hayo hayo ndiyo niliyoyaamini mimi siku ile nikimfunga mama yake. Nilianza kujibu, nikakwama katikati. Nikatazama mlango.

Mama Chebet akaisukuma fremu yake mpaka ikaziba njia.

"Endelea," akasema. "Huendi popote kabla huyu hajaelewa."