Neno la Siri la Akka Poongodi

Katika chama chetu cha maziwa hapa mjini Gobi, kila mtu humwita Poongodi "Akka", yaani dada mkubwa, hata meneja ambaye amemzidi umri kwa miaka miwili. Mimi ni Arokiasamy, mpanga magari. Kazi yangu ni kuyaambia malori ya matangi yaende kijiji gani na saa ngapi, na kazi ya Akka ni kunipa mimi cha kuyaambia. Miaka kumi na miwili meza zetu zimetazamana, na sijawahi kumshinda kwa mabishano hata siku moja.

Akka ndiye mlezi wa seva. Maziwa yakishapimwa kijijini, karani wa kituo hubonyeza kitufe na ujumbe unakuja: kituo fulani, lita kadhaa, mafuta kiasi hiki. Ujumbe unaingia kwenye foleni ndani ya seva, unangoja zamu yake, halafu programu yangu inauchukua na kunionyesha tangi lipi liende wapi. Foleni hiyo haijizai yenyewe. Lazima mtu aiunde kwa amri, na Akka huziandika amri hizo kwenye skrini nyeusi, mstari kwa mstari. Habari za kubofya vitufe vya kwenye picha hataki hata kuzisikia. "Ukibofya," huuliza, "kesho utakumbuka ulibofya wapi?" Amri zote amezinakili kwenye daftari la jalada la kijani ambalo hamwazimi mtu yeyote.

Jambo jingine la kumjua Akka ni kwamba hamtaji mumewe kwa jina. Wanawake wengi wa rika lake huku hawataji. Mume ni "yeye", basi. Huyo "yeye" alikuwa fundi wa kukereza vyuma, na alifariki kabla mimi sijaajiriwa. Nimesikia kwamba yeye alipenda kahawa bila sukari, kwamba yeye ndiye aliyemtia moyo asomee kompyuta wakati majirani wanacheka. Jina sikulisikia hata mara moja, na adabu haikuniruhusu kuuliza.

Mambo haya mawili, daftari na jina, yalitukamata pamoja mwaka jana siku ya Ayudha Pooja, sikukuu ya Kihindu ya kuziheshimu zana.

Siku hiyo kila mtu huosha zana inayomlisha, huipaka msandali na kuivisha maua, kisha haigusi tena mpaka kesho yake. Mwashi haigusi pimamaji, mwanafunzi hafungui kitabu, hata kalamu hulazwa mbele ya picha ya Saraswati, mungu wa kike wa elimu. Mimi ni Mkatoliki, kwa hiyo zamu ya siku hiyo huwa yangu kila mwaka, nipende nisipende. Ng'ombe naye hajui sikukuu ya mtu yeyote.

Asubuhi, maziwa ya alfajiri yalipokwisha kuingia, Akka aliizima seva kwa nusu saa ili nayo ipumzike, kama alivyofanya miaka yote. Akaifuta vumbi, akaitia vitone vyekundu vya unga wa kumkumu, akakivisha kibodi shada la maua ya manjano. Daftari la kijani akaliweka chini ya picha ya Saraswati, na kalamu juu yake. Akaiwasha seva, akanipa bisi za mchele na dengu kwenye kipande cha gazeti, akaenda zake nyumbani, nyuma ya kiwanda tu.

Saa kumi na robo, wakati vituo vya kwanza vinaanza kupima maziwa ya jioni, skrini yangu ilikuwa tupu. Saa kumi na nusu, tupu vilevile. Simu ikalia. Alikuwa karani wa Nambiyur.

"Kaka, nimetuma mara tatu. Inaniambia foleni haipo. Mmeila?"

Nikampigia Akka. Alikuja mbio, mikono bado ina unga. Alisimama mbele ya seva, mikono ameifunga nyuma ya mgongo, akaniambia nibonyeze hiki na kile. Orodha ya foleni ikatokea, haina kitu.

"Pravin!" alisema kwa hasira.

Pravin ni kijana mhandisi aliyetuletea seva mpya wiki mbili kabla. Foleni aliiunda kwa kubofya, ya majaribio, akaahidi ataihifadhi vizuri. Tangu hapo mpaka asubuhi hiyo seva haikuwahi kuzimwa, kwa hiyo hakuna aliyejua kwamba hakuihifadhi. Sasa alikuwa ndani ya basi la kwenda kwao, simu imezimwa.

"Alaumiwe Pravin," nikasema.

"Pravin aliiacha wazi, lakini aliyeizima ni nani? Mimi." Akajifuta unga kwenye sari. "Nimeilaza kwa mkono wangu mwenyewe, thambi."

Huniita thambi, mdogo wake, hasa akiwa na wasiwasi. Na wasiwasi ulikuwa na sababu. Vituo vingi vijijini havina mashine ya kupoza. Maziwa yasipochukuliwa kwa saa tatu au nne yanachacha, na mama mwenye ng'ombe wawili anamwaga jasho la siku nzima mtaroni. Nilijaribu kupiga simu kituo kwa kituo. Kati ya ishirini, wanane walipokea, na watatu kati ya hao sikuwasikia kwa ngoma za hekaluni.

Dereva Kittusamy akachungulia dirishani. Lori lake lilikuwa limeshakanyaga tangu asubuhi ndimu za baraka ambazo kila gari hukanyagishwa siku hiyo. "Arokiasamy, tunaondoka au tunangoja Diwali?"

"Nenda kanywe chai!"

"Ya tatu hii. Nitaendesha na kibofu hiki mpaka wapi?"

Nikamgeukia Akka. "Kaa uandike. Lisilobudi hutendwa."

Aliangalia kibodi chini ya maua, kisha akatikisa kichwa. "Miaka ishirini na sita sijagusa siku ya leo. Kaa wewe. Zana si yako, na mungu wa kike hakudai. Mimi nitasema, wewe utaandika."

"Mimi naandika kwa vidole viwili."

"Basi ulete vyote viwili."

Nikaliinua shada kwa adabu, nikaketi. Daftari halifunguliki siku hiyo, lakini Akka alikuwa nalo kichwani. Alinieleza kwa lugha ya maziwa ili nisimsumbue: amri ya kwanza inaunda bomba la kuingilia, ya pili inaunda tangi lenyewe, ya tatu inapachika kibao cha jina ili programu zijue tangi liko wapi. Nikaanza ya kwanza. Kistari. Kistari tena. "Usiache nafasi hapo! Nani kakuambia uache nafasi?" Nikafuta. Nikaandika upya. Nikabonyeza.

Seva ikaomba neno la siri.

"Haya, Akka. Neno?"

Akarekebisha pindo la sari.

"Akka, maziwa."

"Ni jina lake," alisema, akitazama sakafu. "Yeye."

Nilielewa polepole, na nilipoelewa nilitaka kucheka na kulia pamoja. Alikuwa amechagua neno ambalo hakuna mwizi duniani angeweza kulitoa kinywani mwake. Kuandika si kutamka, kwa hiyo kila asubuhi aliliandika bila kosa lolote. Lakini leo kibodi hakigusiki, kalamu imelazwa, na kinywa hakijawahi kulisema.

"Nani mwingine analijua? Nimpigie simu."

"Hatukujaliwa mtoto. Nduguze wamekwisha."

"Hiyo S mbele ya jina lako kwenye kibao cha mlango, si ya jina lake?"

"Ni ya jina la baba yangu."

"Basi nidokeze."

Akadokeza, kama bibi zetu walivyomdokezea karani wa sensa majina ya waume zao. "Yule mungu wa mlimani. Mwana wa Shiva. Mwenye tausi."

Murugan! Ana majina mengi kuliko siku za mwaka, na mumewe alipewa mojawapo. Nikajaribu Velan. Ikakataa. Nikajaribu Kandan. Ikakataa, na ikanionya kwa maandishi mekundu: limebaki jaribio moja, halafu inajifunga mpaka kesho. Saa ilikuwa kumi na moja kasorobo.

Hapo nikasema neno ambalo bado linanichoma. "Akka, wanasema ukimtaja mume unampunguzia maisha. Huyu ameshakufa. Utampunguzia nini?"

Alinitazama. Nilitamani ardhi inimeze. Hakunitukana, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alivuta kiti cha Pravin, akaketi kando yangu, akaitazama picha ya Saraswati, halafu akaitazama seva yenye vitone vyekundu.

"Nikigusa zana leo, nimemkosea mungu wa kike," alisema taratibu. "Nikilitaja, nimemkosea yeye. Yeye ananijua. Atanisamehe."

Kisha akasema, "Dandapani."

Alilisema kwa sauti ndogo, kama mtu anayegonga mlango wa chumba cha mgonjwa. Vidole vyangu viwili havikusogea.

"Andika, thambi! Herufi ndogo zote. Dandapani."

Nikaandika. Seva ikakubali. Tukaunda bomba, tukaunda tangi, tukapachika kibao. Amri ya tatu nilikosea mara mbili naye akanigombeza mara mbili, kwa sauti yake ya kila siku, na nilifurahi kugombezwa. Saa kumi na moja na dakika tano Nambiyur ikatokea kwenye skrini yangu, halafu Kavindapadi, halafu vituo vikamiminika hata sikuweza kuvisoma. Kittusamy aliondoka wa kwanza akipiga honi bila sababu. Vituo viwili vya mbali maziwa yalichacha. Vingine vyote vilipona.

Akka alilirudisha shada kwenye kibodi mwenyewe, kwa ncha za vidole, bila kugusa kitufe chochote. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta. Nikamsogezea bisi zilizobaki.

Kesho yake alifungua daftari, akaziandika upya amri zote na kuzihifadhi, kisha akabadilisha neno la siri. Jipya hajaniambia, na sina hamu ya kulijua. Pravin aliporudi alikuta hotuba inamngoja. Hiyo siwezi kuiandika hapa.

Juma lililofuata mhudumu wa kantini alituletea kahawa, akasahau sukari. Nikaanza kulalamika. Akka akaonja, akatabasamu.

"Dandapani angekunywa hii vikombe viwili."

Nikaweka kikombe chini. "Akka, umesemaje?"

"Umenisikia. Dandapani." Akavuta kiti chake karibu. "Kaa, thambi, nikwambie alivyokuwa anakoroma."