Maumivu ya Bega Yaliyoniumbua

Mimi ni mwalimu, nakaa Tangini, Kibaha. Juzi nilifanyiwa upasuaji wa matundu madogo, nikatolewa kifuko cha nyongo. Nesi alinisisitizia nitembee, mimi nikang'ang'ania kitanda. Kesho yake bega la kulia likaniuma hadi nikashindwa kuvuta pumzi. Nikajua ni moyo, nakufa.

Nikamshika mke wangu mkono, nikalia. "Mama Neema, nisamehe. Lile shamba alilokuachia baba yako kule Kisarawe, nililiuza."

Nesi akaja, akanipima, akacheka. "Mwalimu, hiyo ni gesi waliyokujaza tumboni wakati wa upasuaji. Inuka utembee, maumivu yatapungua."

Nikageuka. Mke wangu alishauachia mkono wangu, anawapigia simu kaka zake.