Uji Baada ya Mbarara

Mama alikuwa akitapika na kukonda, mpaka nguo zake zikawa za mtu mwingine. Tukaambiwa twende hospitali ya Mbarara apigwe ultrasaundi ya tumbo, na aende na njaa. Sisi wakimbizi wa Kashojwa kuambiwa twende na njaa! Njaa tunayo, hatuhitaji kuandikiwa na daktari. Kilichotushinda ni jirani yetu, mama mmoja Mrundi, aliyekuja alfajiri na kikombe cha uji, maana kwetu msafiri haachwi atoke tumbo tupu. Mama alikataa. Jirani akarudi na uji wake, uso umemshuka.

Daktari, kijana Mnyankore, alimpaka mama jeli na kupitisha kifaa tumboni. Akakunja uso.

"Mama, wewe nakula leo. Mimi naona chakula."

"Sijakula kintu, dokita. Hata maji."

Nilimjibu kwa ukali kwamba mama yangu si mwongo. Akamuuliza mama basi alikula lini.

"Iyo njo mahindi ya juzi," mama alisema.

Daktari akasema chakula cha juzi hakipaswi kuwa bado tumboni.

Akampa maji anywe, tuone kama yanapita. Kwenye skrini yalikuwa doa jeusi. Akabonyeza kitufe cha rangi: maji yakitoka tumboni kuingia kwenye utumbo, alisema, hapa patawaka nyekundu. Tukangoja. Sijawahi kutamani rangi yoyote kama nilivyoitamani ile nyekundu. Tumbo lilijikaza, maji yakatikisika, yakatulia palepale.

"Maji iko inapita?" mama aliniuliza.

Daktari alinieleza kwa Kiingereza kwamba uvimbe umeziba njia, na mwili wake umechoka mno kupasuliwa. Turudi nyumbani tumtunze. Tumtunze kwa kumpa nini, hakusema. Nilimtafsiria mama yote, kwa kuwa alinikataza kumficha. Alifunga tu kitenge chake.

Jioni tulimkuta jirani mlangoni na kikombe kilekile.

"Sasa kunywa, dada. Asubuhi ulinikatalia."

Nilifungua mdomo, mama akanikata kwa jicho. Alipokea kwa mikono miwili, akanywa wote, akasema uji ni mtamu kweli. Jirani alicheka kwa furaha, akaenda zake na kikombe kitupu.

Mimi nikaenda kutafuta beseni.