Kitambaa Ndani ya Mshono

Fundi wa nguo, jirani yangu hapa mtaani Kamalondo, hupima watu kimya, pini zikiwa mdomoni na vidole vimejaa chaki. Kila Jumamosi asubuhi hupeleka cherehani yake kwenye uwanja wa mpira, kwani vijana waliokimbia vita kaskazini hufika bila jezi. Fundi hawaulizi wametoka wapi. Huuliza tu, "Unataka numero gani?"

Jumamosi iliyopita Syntiche, msichana wa Mitwaba huko kaskazini, alikataa kutaja namba. "Papa, usijisumbue. Shiye wa Mitwaba tutarudia kwetu, sitacheza hapa sana."  Fundi alimpima mabega, akashona, akamkabidhi jezi yenye mgongo mtupu. Syntiche akaipindua, akashangaa kuona kitambaa kingi kimekunjwa ndani ya mshono.

"Hii yote ya nini?"

Hapo fundi akatoa pini zote mdomoni, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya kwa sababu ya swali. "Mabega yako itapanuka. Hapa ao kule Mitwaba, fundi yeyote atafungua mushono, utaendelea kucheza."

Syntiche akaivaa taratibu. Kisha akamgeuzia mgongo, akasimama wima, akangoja.

"Weka kumi," akasema.