Yosefu wa Karatasi Nyumbani kwa Mwalimu

Hakuna kitu kilichoweza kunishangaza. Niliachia shule darasa la nne, nikaanza kubeba mifuko ya simenti bandarini Kalundu, mgongo wangu huuhuu. Leo nina depo yangu ya bidhaa Kasenga, watu wananiita Patroni, na nina nyumba yenye dari, plafoni nyeupe, hapa Mulongwe. Nimeona maji ya mto yakiingia saloni na kuondoka na viti. Nilinunua vingine, vizuri kuliko vile. Kwa hiyo sikujua kwamba siku moja nitamwonea wivu mtu aliyechorwa kwenye karatasi.

Shirika letu la sala hukutana kila Alhamisi kwa mwalimu mmoja mstaafu, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Viti vyake ni vya mbao, ukikaa vinalia. Lakini bibi yangu, yaani mke wangu, akirudi kutoka kule alikuwa na habari moja tu.

"Papa, ungeona ile picha! Yosefu ameacha randa juu ya ubao, anamuangalia bibi yake analisha mtoto uji. Anamuangalia tu."

"Na minye sikuangaliake?" nikauliza.

"Weye unaangaliaka simu."

Mwanamke huyo nilimletea televisheni kubwa kutoka Bujumbura, watu wanne waliibeba. Hajawahi kuitazama kwa uso ule aliokuwa nao akiitaja picha.

Nikaenda kuona mwenyewe. Karatasi ndogo, haizidi daftari lililofunguliwa, rangi ya chai, ina madoa. Mwalimu akanieleza kwamba aliachiwa na padri mmoja wa Kiflama, alipokuwa anarudi kwao Ubelgiji, mzee tayari. Ilichorwa zamani na mwanafunzi wa huko kwao, jina lake hakuna anayelijua. Alikuwa anazoeza mkono kwa kuiga picha ya fundi mkubwa, iliyochapwa kwa bamba la shaba lililochongwa.

"Kwa hiyo ni kopi," nikasema.

"Ni kopi, Patroni."

"Tena ya mwanafunzi."

"Ya mwanafunzi."

"Sema bei."

Akacheka. "Haiuzwi. Lakini ukitaka kukaa nayo siku chache, ichukue."

Niliichukua. Usiniulize nilikuwa nataka nini, sikujua vizuri. Kwanza nilitafuta kosa, na nikalipata: kidole gumba cha Yosefu kina mistari miwili, mwanafunzi alikosea akachora tena bila kufuta. Nikamuita bibi yangu haraka.

"Ni hapo napenda zaidi," akasema. "Unaona mtu alikuwa anatafuta."

Basi nikaenda kwa wale wanaochapa matangazo, nikawaambia waikuze kwenye turubai, mita mbili kwa mita tatu. Nikaitundika saloni. Bibi yangu akasimama mlangoni na sufuria mkononi.

"Imekuwa kubwa," akasema. Akaenda jikoni.

Kabla ya kuirudisha ile ndogo, nikaamua kuitia plastiki. Huku kwetu karatasi yenye thamani inatiwa plastiki: kadi ya uchaguzi, diploma, hati ya parseli, ya kiwanja chako. Mto ukiingia ndani, hiyo ndiyo inaokoa. Nilitaka kumrudishia mwalimu kitu kizuri kuliko alichonipa. Na niseme ukweli wote: nilitaka bibi yangu akimtazama yule Yosefu, aone plastiki yangu inang'aa juu yake.

Kwa wale wachapaji, mashine ya kutia plastiki ikaivuta ile karatasi nzee, ikaikunja, ikaibana hivyohivyo. Ilipotoka, makunyanzi manne yalikuwa yamepita usoni pa Yosefu. Macho yake hayakuonekana tena.

Tulipoirudisha, mwalimu aliishika dirishani muda mrefu. Bibi yangu alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Sasa hailowani," nikasema.

"Kweli, Patroni. Hailowani." Akairudisha kwenye msumari wake.

Heri angenitukana. Njiani bibi yangu akasema, "Ulimuonea wivu mpaka ukamuua."

"Nani?"

"Unamjua."

Wiki tatu nyumbani nilijibiwa "ndiyo" na "hapana" tu. Nikafanya basi kile kinachofanywa huku mtu akikosea jirani: unapeleka mbuzi na bia, unakaa kwenye kiti cha chini, unataja kosa kwa mdomo wako mwenyewe mbele ya watu. Alhamisi, shirika zima likiwepo, nilitaja. Plastiki nikaitaja, na wivu nikautaja, neno ambalo sijawahi kulisema juu yangu mimi.

Kina mama walipiga vigelegele. Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. "Patroni, uliogopa seremala wa karatasi!"

Bibi yangu hakucheka. Alisogea kwenye benchi, akanipa nafasi ya kukaa. Tulipoanza kuimba, nikamwona macho yake yamekwenda tena ukutani, kwenye makunyanzi yale, na uso wake ni uleule. Iliniuma, na leo bado inaniuma.

Turubai, plastiki, mbuzi, kreti mbili za bia na nauli ya pikipiki ya kuvibeba: wivu huo ulinigharimu dola mia moja thelathini na nne, na franka elfu mbili.