Mkono wa Kujaribia

Muuza vifaa vya kompyuta wa Mtaa wa Aggrey hauzi mausi isiyo na waya bila kuijaribu. Akiwa peke yake huisukuma kwa mkono wa kushoto, na kishale huteleza kwenye skrini. Mteja akiingia, mkono huo huzama mfukoni na wa kulia hushika kazi, mzito kama wa kuazima. Asubuhi hii mteja wake, Bi Sitara, alikitazama kishale kikiyumbayumba.

“Mausi hii mbovu, mwanangu.”

Ilikuwa nzima kabisa. Angeutoa wa kushoto angemaliza ubishi, lakini kwao mkono huo ulikuwa wa chooni tu.

“Kweli, mama, mbovu,” akasema bila kumtazama, akairusha kwenye boksi la vifaa vibovu kwa mkono wa kulia. Ikaanguka nje.